Mtoto wa Ishirini na Tatu

Niseme ukweli mapema, kabla hujaanza kunipenda: ile barua nami niliitia sahihi. Jina langu lilikuwa la nne kutoka juu, Baukje, kwa mwandiko wangu mzuri ambao kijiji kizima kinaujua. Kwa hiyo ukinisikia namsifu wifi yangu Hiske, usidhani nilikuwa upande wake. Nilikuwa upande wa wengi, na kwa wengi ndiko kwenye joto.

Hiske si mtu wa nchi kavu. Alizaliwa ndani ya meli ndefu ya kubeba mchanga, baba yake akiwa nahodha, na mpaka alipofika miaka saba hakuwahi kulala kwenye nyumba isiyotikisika. Halafu, kama watoto wengi wa wenye meli za mtoni, akapelekwa bweni mjini, maana meli haina shule. Wazazi aliwaona wikendi, kama meli ilikuwa karibu. Alipoolewa na kaka yangu Douwe na kuja huku Aldwetter, wanakijiji walisema hatatulia. Yeye akaomba kazi ya daraja.

Kijiji chetu kiko mwisho wa barabara, maji pande tatu, na daraja ni moja tu. Ni la kuinuliwa kwa mkono: kuna gurudumu la chuma, unalizungusha mpaka mabega yakuwake moto, boti zinapita, unalishusha. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba Hiske yuko pale kibandani. Anayeingia anamwona, anayetoka anamwona. Si msemaji. Ukimuuliza jambo, anakutazama kwanza kama anapima kina cha maji, ndipo anajibu, na akishajibu habadilishi.

Mtoto wao ni mmoja, Fenna. Alipoanza shule ya kijiji akiwa na miaka minne alikuwa na maneno kama arobaini. Machache kwa umri wake, lakini alikuwa nayo. Alipofika miaka saba yalikuwa yamebaki sita. Kelele zilimuumiza kama wengine tunavyoumizwa na jino bovu. Watoto wakiimba, yeye alijikunja chini ya meza na kuziba masikio.

Sisi tulimpenda. Naomba hilo lieleweke, maana ndilo lililotupofusha. Mwalimu mkuu, Sytze, mtu mwema kabisa, alimwekea mto wa kukalia kwenye korido, chini ya makoti yaliyotundikwa, ili asisumbuliwe na darasa. Akina mama tukapeana zamu za kukaa naye. Yangu ilikuwa Jumatano, na nilifuma soksi nyingi sana pale. Gazeti la mkoa lilikuja likaandika habari za kijiji kisichomwacha mtu nyuma, na picha ikapigwa: Fenna kati yetu sote, tumejaa meno. Niliikata picha ile nikaibandika chooni, kando ya kalenda ya siku za kuzaliwa, ambayo kwetu hutundikwa humo, mahali ambapo kila mgeni lazima atakaa na kuitazama.

Nyumbani Fenna alikuwa anajing'ata mkono. Ijumaa jioni alianza kutulia, Jumapili jioni alianza tena. Hiske aliponieleza nilimwambia, "Wifi, hakuna mtoto anayependa Jumatatu." Nilijiona nimesema la hekima.

Basi siku moja ya Machi, kabla msimu wa daraja haujaanza, Hiske alikwenda shule akaketi sakafuni kando ya mtoto wake, chini ya makoti, tangu saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa sita. Kisha akaja kwangu. Hakuvua viatu mlangoni, na hapo nikajua kuna jambo.

"Unajua leo mwanangu amepapaswa kichwa mara ngapi?"

"Sijui. Kaa kwanza, kahawa ipo."

"Mara thelathini na moja. Nimehesabu. Hata mbwa wa Gerben hapapaswi hivyo."

"Si kwa sababu wanampenda, jamani?"

"Fenna hapendi kuguswa kichwani, Baukje. Anafumba macho, anakaza shingo, anangoja mkono uondoke. Miaka mitatu mnamgusa. Hakuna hata mmoja aliyeona?"

Mimi na Jumatano zangu, nilikuwa nampapasa nikifika na nikiondoka.

Wakaanza kutafuta shule, yeye na kaka yangu. Ya kwanza ilikuwa na jina zuri na bustani, lakini Hiske aliomba kuoneshwa korido kabla ya kitu kingine chochote. Akaona mito miwili chini ya makoti. Akageuka palepale, Douwe akamkimbilia nyuma akiomba radhi kwa niaba yake. Ya pili ilikuwa na orodha ya kungojea ya miaka miwili, na mkuu wake alizungumza nao akitazama karatasi. Ya tatu ilikuwa mjini Sneek, jengo fupi nyuma ya karakana ya mbao, dakika hamsini kutoka kwetu, watoto wanane darasani.

Mwalimu wa pale aliitwa Ate, jitu la watu lenye kichwa kilichonyolewa. Hakumsalimu Fenna. Hakumtazama hata. Aliketi sakafuni akampa mgongo, akamwaga kopo la skrubu, akaanza kuzipanga, ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi. Hiske anasema dakika ishirini na tano zilipita hakuna aliyesema neno, na Douwe alikuwa anatokwa na jasho kwa aibu. Halafu Fenna akajisogeza. Akaokota skrubu moja, akamwekea Ate kiganjani.

"Ndefu," akasema.

Lilikuwa moja ya yale maneno aliyoyapoteza. Hiske alitoka nje mpaka kwenye maegesho, akalipiga teke gurudumu la gari lao mpaka mguu ukavimba. Aliniambia mwenyewe. Hakulia, alikasirika tu. Miaka mitatu tulikuwa tumesema huyu hafundishiki.

Nafasi ilipatikana. Ilianza Jumatatu ya mwisho ya Septemba, na kama Fenna hangefika siku hiyo, ingekwenda kwa mtoto anayefuata kwenye orodha. Hapo ndipo kijiji kilipoamka. Maana serikali ilikuwa inahesabu wanafunzi tarehe mosi Oktoba, na shule ikiwa chini ya ishirini na tatu mwaka wa tatu mfululizo, inafungwa. Miaka miwili tulikuwa tumepungukiwa. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, familia moja mpya ilikuwa imehamia, na tulikuwa ishirini na tatu kamili. Ukimhesabu Fenna.

Jambo lenyewe lilizuka siku mama yangu alipotimiza miaka themanini. Unajua tunavyokaa kwenye siku za kuzaliwa: viti vimepangwa duara ukutani, kila anayeingia anazunguka kumpa kila mtu mkono, hongera ya mama yako, hongera ya mkweo, hongera ya jirani yako, kisha kahawa na kipande kimoja cha keki yenye sukari ya rangi ya waridi. Ukishakaa kwenye duara lile hutoki bila kupita mbele ya magoti ya watu wote. Gerben, mwenyekiti wa kamati ya kijiji na mkulima mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, alingoja mpaka Hiske awe na sahani mkononi.

"Shemeji," akasema, "tumesikia habari za Sneek. Hongera sana. Sisi hatukatai. Ila tunaomba wiki moja tu. Tarehe mosi ipite, tarehe tatu mpeleke, na mimi mwenyewe nitawasindikiza."

"Nafasi ni Jumatatu," Hiske akasema.

"Mwambie huyo mwalimu mtoto ana mafua. Mtoto hawezi kuwa na mafua?"

Watu wakacheka kidogo. Hiske akala keki.

"Anayefuata kwenye orodha ni mtoto wa watu," akasema. "Mama yake anasali mwanangu apate hayo mafua. Sitamdanganya Ate."

"Kwa hiyo watoto ishirini na wawili wakose shule kwa ajili ya mmoja?"

"Ishirini na wawili wana miguu na baiskeli. Shule ya kijiji cha pili iko kilomita nne. Mimi wangu anakwenda arobaini."

"Hiske," mama yangu akasema, "chukua kahawa nyingine." Kwetu hiyo ni njia ya kusema nyamaza.

Lakini Gerben alikuwa ameshapandwa na hasira. Akatoa maneno ambayo nadhani aliyajutia hata kabla hayajafika chini. "Nashangaa wewe. Wewe uliyelia bwenini, unayetusimulia kila mwaka jinsi ulivyokaa dirishani kungojea meli ya baba yako. Leo unampakia mwanao kwenye teksi kila asubuhi ukamtupe kwa wageni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Wako uko wapi?"

Hiske akaweka sahani chini ya kiti. Akamtazama kwa ule upimaji wake.

"Nililia, ndiyo. Na baba yangu alilia. Alinipeleka kwa sababu meli haikuwa na shule, na hakujidanganya hata siku moja kwamba sitaha ni darasa. Nyinyi mna korido mnaiita shule. Tofauti ni hiyo. Jumatatu mwanangu anakwenda, na saa kumi jioni anarudi kwangu. Hongera ya mama, nyote."

Akapita mbele ya magoti yetu yote, mmoja mmoja, akatoka. Douwe akamfuata na keki mkononi.

Barua iliandikwa kesho yake. Ilikuwa ya upole mno, "kwa moyo wa upendo" mara tatu ukurasa mmoja. Nina watoto wawili katika shule ile, nilisoma pale mimi na baba yangu. Nikatia sahihi. Hiske aliipokea kibandani, akaisoma mpaka mwisho, majina yote, kisha akaitumia kuzibia dirisha lililokuwa linapitisha upepo. Upande wenye majina aliugeuzia nje. Kila mwenye kuvuka aliona jina lake mwenyewe.

Basi tukamnunia. Huku kwetu mtu akipita na gari anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu. Vidole vikakoma. Naye akatuonesha kazi. Zamani ukichelewa na boti yako dakika kumi baada ya saa za kufunga, unapiga honi, Hiske anatoka na kijiko cha supu mdomoni kukufungulia. Wiki ile saa kumi na mbili ikigonga, gurudumu linafungwa kufuli. Gerben mwenyewe alilala ndani ya boti yake upande usio wake, anaiona taa ya jikoni kwake, mke wake anampungia.

Jumatatu ikafika. Nilikuwa navuka kwenda kazini nikakuta trekta la Gerben limesimama kabla tu ya daraja, na tela la mahindi yaliyokatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe, limeziba barabara nzima. Lilikuwa "limezimika". Gerben alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, anaitazama injini kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Ng'ambo ya pili teksi ya shule ilikuwa inangoja, taa zinawaka. Dereva ana watoto wengine wa kuchukua, hawezi kungoja sana, na sote tulilijua hilo. Tulikuwa kama watu kumi na tano pale. Hakuna aliyemwambia Gerben aliondoe.

Hiske akaja akisukuma baiskeli, Fenna amekaa mbele, amevaa vifunika masikio vyake vya kuzuia kelele.

"Imeharibika?" akauliza.

"Imezima ghafla, shemeji. Fundi anakuja saa nne."

"Pole."

Akamshusha Fenna. Kati ya gurudumu la tela na reli ya daraja kulikuwa na upenyo wa kama shubiri mbili. Akamtanguliza mtoto, kisha akajibana mwenyewe ubavu, koti likakwaruzwa matope mpaka kolani, kitufe kimoja kikaanguka majini. Hakutugeukia. Akavuka, akamfunga Fenna mkanda, akampa dereva mkoba wenye mkate wa chokoleti, teksi ikaondoka. Nilidhani yamekwisha. Gerben naye alidhani hivyo, maana alikuwa ameshaweka mguu kupanda trekta.

Hiske akarudi mpaka kibandani. Akashusha vizuizi. Akaanza kuzungusha gurudumu, na daraja likainuka taratibu mbele ya macho yetu mpaka likasimama wima.

"Hiske," Gerben akaita, "boti iko wapi?"

"Hakuna boti."

"Sasa unainua nini?"

"Kanuni ya saba. Njia ya daraja ikizibwa na chombo kilichoharibika, daraja linafungwa mpaka fundi athibitishe kwa maandishi kwamba chombo ni kizima."

"Ni kizima. Tazama." Akawasha. Trekta likanguruma vizuri sana.

"Wewe ni fundi?"

"Fundi anatoka ng'ambo, wewe mwanamke. Atavukaje?"

"Hilo umuulize aliyeharibikiwa."

Mvua ikaanza kunyesha juu ya mahindi ya Gerben. Kama kanuni ya saba ipo, sijui mpaka leo, wala hakuna aliyethubutu kuomba aoneshwe. Alipolishusha daraja hatimaye, nilifika kazini nimechelewa kwa saa mbili, nimelowa chepechepe, na nikiwa na hasira na wifi yangu kuliko nilivyowahi kuwa na mtu. Lakini nikivua viatu nilijikuta nacheka peke yangu, na sikupenda kucheka kule.

Tarehe mosi wakahesabiwa ishirini na wawili.

Machi iliyofuata tukaitwa ukumbini, Ijumaa saa tisa alasiri, kusomewa uamuzi: shule inafungwa mwisho wa mwaka wa masomo. Mwalimu Sytze alisoma, na wengi walilia, mimi mmojawao. Kisha Gerben akasimama. Alisema shule ya miaka mia moja na kumi, iliyopita vita viwili na mafuriko, imefungwa na mtoto mmoja. Hakusema kwa ukali, na hilo liliyafanya maneno yake yawe mabaya zaidi. Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Hiske alikuwa amesimama mlangoni, koti hajavua. Akaja mpaka mbele. Hakuwa na karatasi.

"Nina swali," akasema. "Asimame mtu mmoja aniambie kitu kimoja alichomfundisha Fenna kwa miaka mitatu. Kimoja tu. Rangi. Namba. Kufunga kamba ya kiatu. Mkinitajia, Jumatatu namtoa Sneek namrudisha hapa, na mtaandika kwa wizara kwamba wako ishirini na tatu."

Douwe akamshika mkono. Akauondoa mkono wa Douwe.

Mwalimu Sytze alifungua mdomo, akatazama chini, akaufunga. Gerben akasema, "Tulimpenda, Hiske."

"Najua. Sikuuliza hilo."

Hakuondoka pale. Aliwatazama mstari kwa mstari, na nikaona kwamba anangoja kweli, kwamba alikuwa ameweka kila kitu mezani na hatakichukua mpaka mtu amjibu. Nikaona pia kwamba wote wanavikodolea macho viatu vyao, na kwamba mmoja akizua uongo hata mdogo, yule mtoto atarudishwa chini ya makoti. Nikasimama. Gerben akanitazama kwa matumaini, maana mimi ndiye niliyekaa sana na Fenna kuliko wote.

"Nilikuwa naye kila Jumatano," nikasema. "Miaka miwili na nusu. Sikumfundisha kitu. Si kwamba nilijaribu nikashindwa. Sikujaribu. Nilikuwa nafuma, nikimwona ametulia nasema Mungu amsaidie, nahesabu safu zangu. Hakuna aliyemfundisha kitu hapa. Mwenye kubisha asimame, mimi nipo."

Hakusimama mtu. Mama yangu, kwenye kiti cha mbele, alitoa leso akaishika tu.

"Basi," Hiske akasema, "nimepata jibu langu. Na tangu leo atakayesema Fenna amefunga shule, msimu ukianza ajue kuogelea."

Akavuta zipu ya koti. Saa kumi ilikuwa inakaribia na teksi inayomrudisha Fenna haipendi kungojeshwa. Akapita katikati ya viti, wala hakungoja kuambiwa neno. Nami nikachukua mkoba wangu, nikawaacha wenzangu, nikamfuata nje. Tulitembea bega kwa bega mpaka darajani. Hakunishukuru, na angenishukuru ningeona aibu zaidi.